Uzi wa Koti Jeusi

Katika treni za Saitama hatuongei na tusiowajua, kwa hiyo behewa zima lilimsikia bibi aliyekaa mbele yangu.

"Kijana, koti lako bado lina uzi wa dukani unaofunga mpasuo wa nyuma. Hukuukata?"

Kijana, aliyevaa suti nyeusi ya kutafutia kazi, alipapasa mgongo. "Natoka kwenye usaili, bibi. Nimelivaa tangu Machi."

"Nyumbani hawakukwambia?"

"Naishi peke yangu."

Bibi akatoa mkasi. "Haya, geuka, mjukuu wangu."

"Uache tu. Kampuni zote huandika zinaniombea mafanikio, sababu ya kunikataa hazisemi. Ukiukata, wakinikataa tena, sababu itakuwa mimi, si uzi."

"Acha upuuzi, geuka!"

Treni ikasimama kituo cha Urawa. Kijana akashuka na uzi wake.