Rafu ya Mwalimu Agustino Kobelo

“Mjomba, karatasi ikishaondoka, aliyeiandika anabaki na nini mkononi?”

Hilo ni swali nililomuuliza marehemu mwaka 1908, nikiwa na miaka minane, siku aliponionyesha rafu yake pale darasani. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema, “Kwanza kateke maji.” Nikaenda kuteka maji.

Ndugu waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka mjini na Ukutu, asalamu alaikum. Wazee wangu wote, shikamooni. Mimi ni Petro, mtoto wa Modesta, dada yake marehemu. Ukoo umesema nisome mimi, kwa kuwa kwetu mjomba ni wa mpwa wake. Padre aliisoma karatasi hii jana jioni akafuta mistari miwili. Hakuniambia nijaze nini badala yake, kwa hiyo nikifika hapo nitanyamaza kidogo, tusubiriane.

Marehemu alizaliwa mwaka 1873 katika kitongoji cha Kidiwa, upande wa juu wa mto Mgeta, wakati wa kupalilia mahindi. Siku yenyewe haijulikani. Bibi alikuwa akisimulia kwamba ukungu ulikuwa mzito kama huu wa leo, hata mkunga akapotea, akaingia nyumba ya jirani, akakaa, akala, ndipo akauliza mgonjwa yuko wapi. Mjomba aliipenda sana hadithi hiyo. Alisema, “Mnaona? Hata mimi nilikaribia kukosekana kwa sababu mtu hakuelekezwa vizuri.”

Mwaka 1884 alipelekwa misheni ya Morogoro, akabatizwa Krismasi ya 1886. Mwaka 1890 mapadre walimtuma Bagamoyo kujifunza ualimu, akaenda kwa miguu na misafara ya wapagazi. Alirudi 1894 na mwandiko ambao watu walikuja kuutazama hata kama hawakujua kusoma. Herufi zilikuwa na mikia na vitanzi, kama ukindu kabla haujasukwa. Alianza kufundisha hapa kwetu mwaka huohuo, na mwaka 1905 akapewa darasa la wakubwa, wale wanaokaribia kumaliza.

Lakini mwandiko ule mzuri ulimwaibisha, nayo ndiyo habari ya ndoa yake. Mwaka 1896 alitaka kumposa Cecilia, ambaye leo ni mjane wake. Akaandika karatasi nzima ya sifa: macho ya Cecilia, adabu ya Cecilia, wema wa nyumba yao, na jinsi moyo wake Agustino unavyotamani kilicho bora katika boma lile. Aliyeipeleka ni mtani wetu Stambuli, Mkutu, ambaye hasomi mpaka leo. Kaka zake Cecilia waliisoma wakaisoma tena, wakashauriana, wakampa Stambuli beberu.

Stambuli anasema alimvuta beberu yule tangu asubuhi mpaka mchana, akafika akamwambia, “Mke wako huyu hapa. Ana ndevu, lakini utamzoea.”

Mjomba alirudia karatasi. Safari hii aliandika hivi tu: Nataka kumwoa Cecilia. Nitakuja Jumapili baada ya misa na wazee wangu. Wakafunga ndoa tarehe 9 Mei 1897. Beberu alirudishwa, ingawa Stambuli anadai yeye ndiye aliyestahili kubaki naye.

Hapo ndipo yalipoanzia mafundisho yake, mnayoyajua ninyi mliosoma kwake. Hakutoa alama. Alikuwa na safari ya karatasi. Kila Ijumaa mwanafunzi wa darasa la wakubwa anaandika agizo, analikunja, anampa mtoto wa darasa la chini. Mtoto haulizi kitu. Anakwenda, anafanya kilichoandikwa, anarudi na alichokipata. Mwandishi amekaa kwenye benchi, haruhusiwi kufungua mdomo. Mjomba alikuwa akisema, “Wewe hutakuwepo. Karatasi itafika peke yake.”

Na kile kilicholetwa kiliwekwa kwenye rafu. Ubao mrefu, kuanzia mlangoni mpaka dirishani, na kila mwanafunzi ana safu yake ya vitu. Upande wa mlango ni vya mwanzo, upande wa dirisha ni vya mwisho. Mzazi asiyejua hata a angeweza kusimama pale akaona mtoto wake anavyokua katika kuandika: hapa alitaka jembe akaletewa mpini, hapa alitaka maji ya kunywa akaletewa mtungi mtupu, halafu pole pole vitu vinaanza kuwa vile vilivyotakiwa. Kosa likijirudia, mjomba alimwita mwandishi pembeni, akashika kile kitu, akamuuliza, “Huyu mtoto alipofika njia panda, ulimwacha na nani?” Basi. Anarudi benchi kuandika upya.

Mimi nilikuwa nasimama mbele ya rafu ile mpaka nafukuzwa. Safu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Gabrieli, wa kitongoji hikihiki. Mwanzo wake ni unyoya: aliagiza yai, akaletewa kuku mzima aliyekuwa anaatamia, akamdonoa kila mtu darasani. Mwisho wake ni kokoto moja jeupe. Aliliona mwenyewe chini ya maporomoko, kati ya makokoto elfu, akaandika mahali lilipo, na mtoto akaenda akalileta hilohilo. Mjomba aliligeuza kokoto lile mkononi kwa muda mrefu. Alisema, “Gabrieli sina cha kumfundisha tena.”

Gabrieli alichukuliwa bomani kuwa karani Januari 1915, vita ilipokwisha kuingia mwaka wa pili wa kalenda. Tulimsindikiza kwa nyimbo.

Kabla ya hapo karatasi za kutaka wapagazi zilikuwa zinakuja, nanyi mnazikumbuka. Ziliandikwa, leteni watu. Jumbe anajibu, watu gani? Karatasi inashuka, inapanda tena, na wakati huo vijana wameshaingia msituni. Mwezi wa Machi ikaja ya namna nyingine. Jumbe hasomi, akampa mjomba aisome mbele ya watu, pale penye kisima, nami nilikuwepo. Ilisema: nyumba ya tatu juu ya kisima, mlango unatazama mto, kijana mrefu mwenye kovu la panga mguu wa kushoto. Asipokuwepo nyumbani, yuko katika shamba la njegere la shangazi yake, nyuma ya ukingo wa mawe.

Nyumba ya tatu juu ya kisima ni ya mjomba. Kijana mwenye kovu ni Fransisko, mwanawe wa kwanza.

Mjomba aliisoma mpaka mwisho, hakuruka neno. Halafu akaikunja. Jumbe akamuuliza, “Mwalimu, inasemaje hiyo?”, maana alikuwa amesikia lakini hakutaka kusikia. Mjomba akasema, “Imeandikwa vizuri.”

Askari walimkuta Fransisko nyuma ya ukingo wa mawe. Baada ya hapo zilikuja nyingine, na hakuna hata moja iliyopotea njia. Ndiyo maana kaburi hili, ndugu zangu, limechimbwa na akina mama na wanafunzi, na Stambuli akiwa msimamizi.

Julai mwaka jana habari ikapanda kwamba Bwana wa bomani atakuja mwenyewe kutazama darasa la wakubwa, achague makarani wengine, kwa kuwa Gabrieli peke yake hatoshi. Alikuwa ameshaambiwa habari za rafu. Mjomba hakusema neno kwa mtu. Alifunga mlango wa darasa mchana ule, akatoka jioni, na mikono yake ina vumbi. Kesho yake tulipoingia tukaona. Alikuwa amezigeuza safu zote. Vya dirishani amevipeleka mlangoni, na vya mlangoni amevipeleka dirishani. Ukitazama rafu sasa, kila mmoja wetu alianza akiwa hodari, na kadiri mwalimu alivyomfundisha ndivyo alivyozidi kuwa mjinga.

Akatuambia, “Leo mkiulizwa, mimi ni mwalimu mbaya. Msibishane na wageni.”

Bwana alitembea toka mlangoni mpaka dirishani, mikono nyuma. Anajua Kiswahili vizuri. Akasema, “Mwalimu, hawa watoto unawafanya nini?”

“Ni njaa, Bwana,” mjomba akasema. “Na vita. Vichwa vimechoka.”

Bwana akatikisa kichwa. Tulidhani imekwisha. Alikuwa ameshafika mlangoni, mguu mmoja nje, alipoona jina la Gabrieli kwenye ubao wa rafu. Akarudi. Akaitazama safu ile: mwanzo kokoto jeupe, mwisho unyoya wa kuku. Gabrieli mwenyewe alikuwa amekuja naye, amesimama nyuma yake amebeba mfuko wa karatasi.

Bwana akamwambia, “Wewe ndiye karani wangu bora. Kwa huyu ulimaliza na unyoya?”

Gabrieli akahamishia mfuko mkono wa pili.

“Nakuuliza. Mwanzo ni upande upi?”

Gabrieli aliangalia chini, na mfuko ule aliukumbatia kama mtoto mchanga. Hakusema, na hilo nataka lijulikane, kwa sababu wako wanaomtaja vibaya. Lakini Bwana hakuhitaji tena kuambiwa.

Mama yangu anasema mjomba alisahau kuiacha safu ya Gabrieli ilivyokuwa. Mimi sidhani. Vitu vya Gabrieli alivijua hata akiwa amefumba macho. Nadhani alipofika pale, akiwa na lile kokoto mkononi, alitamani iwe kweli kwamba Gabrieli aliishia na unyoya.

Walishuka naye siku ileile.

Hapa ndipo ile mistari miwili ilipokuwa.

Alirejea tarehe 2 Aprili mwaka huu. Mama na mjomba Cecilia, samahani, shangazi Cecilia, walimpokea pale chini kwenye daraja la miti, kwa sababu kupanda hakuweza. Gerezani walikuwa wakibeba mawe ya njia ya reli, na wakati wa masika walilala kwenye maji. Alikuwa na kikohozi kilichotoka mbali. Shangazi alimpikia uji wa ulezi, dawa za mizizi zikachemshwa, na Stambuli alikuja kila baada ya siku chache kumtukana. Alimwambia, “Mluguru wewe, usife kabla hujanilipia beberu.” Mjomba alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa Stambuli anatoka nje, anasimama ametazama mlima.

Darasani hakurudi. Rafu ilikuwa tupu, vitu vilichukuliwa kwenye magunia, sijui vina kazi gani huko bomani. Juma lililopita ndipo ikapanda karatasi ya kutaka wanne wa darasa la wakubwa wakawe makarani. Haikuwa na jina hata moja. Ilisema tu, mwenye sauti nyembamba anayekaa karibu na dirisha, na kadhalika, mpaka wanne wakatimia. Kila mmoja alijitambua. Mjomba aliomba asomewe, nikamsomea. Hakusema kama imeandikwa vizuri.

Alifariki jana, Alhamisi tarehe 13 Julai 1916, jua likiwa limetoka, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Hili nimeliongeza asubuhi hii: mmemwona Stambuli amekaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, anasema hatoki mpaka Mwalimu amwandikie kwa mkono wake ni nani aliyempa ruhusa ya kufa. Naomba mmwache akae kidogo. Ana haki yake.

Marehemu ameacha mjane, Cecilia, dada mmoja, Modesta, binti wawili, mtoto mmoja wa kiume, Fransisko, ambaye hatujui kama tumtaje hapa au tumtaje na wale ambao marehemu anakwenda kukutana nao. Ameacha wapwa sita. Ameacha Gabrieli, ambaye hakupewa ruhusa ya kupanda. Na ameacha wanafunzi wanne ambao, tukishamwaga udongo, wanateremka na askari Mwinjuma, yule aliyekaa pale kwenye ua, ambaye amekuwa mstaarabu, amevua kofia yake tangu tulipoanza. Mimi ni mmoja wao, yule wa karibu na dirisha. Ngurumo mnazozisikia upande wa kaskazini, msiangalie mawingu. Huu ni mwezi wa Julai, si wa mvua.

Udongo wa Kidiwa umlaze taratibu, na Mungu asimuulize kitu mpaka apumzike.

Nimalizie. Jana alfajiri mama alikuwa amekwenda kuchukua kuni, nami nilikaa na mjomba. Nilidhani amelala. Akasema, “Petro, uliniuliza kitu, nikakutuma maji.”

Nikasema, “Ni zamani, mjomba.”

“Karatasi ikiondoka, mwandishi anabaki na nini.” Akapumzika. Akashika mkono wangu wa kuandikia, akaufungua, akautazama kama alivyotazama lile kokoto. “Anabaki na kila aliyekwenda.”