Don Leobardo Quintanar na Goli Ambalo Hakuliona

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mtangazaji wa michezo wa televisheni analipwa kutazama mpira. Mpira kila mtu anautazama, tena bure. Yeye analipwa kujaza dakika ambazo hakuna kinachotokea: beki anafunga kamba za viatu, mwamuzi anatafuta filimbi yake, mvua inanyesha. Ni kazi inayochosha kuliko inavyoonekana, na asiyeielewa hawezi kumwelewa mtu tunayemuaga.

Don Leobardo Quintanar Rueda amezijaza dakika hizo kwa miaka thelathini na minane kasoro miezi mitatu. Alijiunga na kituo chetu hapa Torreón, Mexico, mwezi Agosti 1987, na anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025.

Alianza kwa kusoma matokeo ya besiboli asubuhi, akapanda hadi ndondi za Jumamosi, na mwaka 1991 akakabidhiwa mpira wa miguu wa Jumapili. Tangu hapo sauti ya timu yetu, Wachuma Pamba, imekuwa sauti yake. Wazee wa kituo wanakumbuka siku tufani ya vumbi ilipofunika uwanja kwa dakika kumi na moja. Hakuna aliyeona mchezaji hata mmoja. Don Leobardo akatangaza vumbi: linakotoka, linavyonuka, na namna mama yake alivyokuwa akilifagia. Watazamaji walipiga simu kusema hicho ndicho kipindi bora cha msimu.

Vituo vya Mji Mkuu vilimwita mara mbili. Mara ya kwanza mama yake alikuwa mgonjwa. Mara ya pili alisema amechoka kuhama kabla hata hajahama. Amefundisha watangazaji kumi na mmoja, na wanne kati yao wako huko sasa. Hawaji kutusalimia mara nyingi.

Tusipambe mambo: mzee amechoka. Magoti yake hayazitaki tena ngazi za kibanda cha watangazaji. Jumatatu nyingi alikuja kazini bila sauti, akawa anatuandikia kwenye vikaratasi. Mkewe, Doña Herminia, alipoulizwa na mpishi wa kantini kama atakumbuka enzi za umaarufu, alijibu, "Umaarufu gani, mwanangu? Miaka yote hii Jumapili nakula na kiti." Gordita zake, vile vimikate vinene vya mahindi, zilimsubiri mezani mpaka zikakauka, naye akizila baridi Jumatatu asubuhi, kimya, kwa sababu sauti haikuwepo.

Kuna jambo moja ambalo yeye mwenyewe ameomba lisiachwe katika wasifu huu. Nitalieleza taratibu.

Kwa vijana mlioajiriwa juzi: hapa kwetu mtangazaji hasimulii mchezo tu. Husoma pia matangazo ya biashara huku mpira unaendelea. Karatasi inawekwa mbele yake, naye anainamisha kichwa, anasoma haraka, anainua kichwa. Kila mtangazaji anajua hofu ya sekunde hizo saba au nane.

Aprili 1994 Wachuma Pamba walikuwa wakicheza mechi ya kupanda daraja. Kipa wao alikuwa Wenceslao Urrutia, miaka ishirini na mmoja, na siku hiyo alikuwa ameokoa mashuti tisa. Mvua ilinyesha. Mtambo wetu wa marudio ulikuwa umekufa tangu kipindi cha kwanza. Dakika ya themanini na nane Don Leobardo aliinamisha kichwa kusoma tangazo la sabuni ya kufulia. Akasikia uwanja unapiga kelele. Alipoinua kichwa, mpira ulikuwa wavuni na kipa amelala chini, mikono mitupu.

Angeweza kunyamaza. Lakini dakika lazima ijazwe. Akasema, "Jamani, kipa wetu amenawa na sabuni hii hii!"

Mji mzima ulicheka. Kufikia Jumatatu sokoni, Wenceslao alikuwa anaitwa Sabuni. Mechi iliyofuata mashabiki walirusha vipande vya sabuni uwanjani. Msimu ulipoisha timu ilimwacha, na hakuna timu nyingine iliyomchukua. Kwa miaka mingi sasa ana duka la tortilla, zile chapati za mahindi, katika mtaa wa Los Nogales. Bango linasema "Urrutia", lakini hakuna anayelisoma, wala anayempa ile heshima ya kuitwa Don.

Januari hii ligi ya watoto ya mtaa ilitafuta mwalimu wa makipa, na Wenceslao akaomba nafasi hiyo. Don Leobardo alikuwa kwenye foleni ya tortilla, kitambaa cha kufungia tortilla mkononi na kofia usoni, aliposikia kina mama wakiteta.

"Eti Sabuni anataka kuwafundisha watoto kudaka!"

"Wee shoga! Si bora tuwaajirie chujio?"

Wenceslao alikuwa hatua mbili kutoka kwao, akipima. "Kilo moja au mbili, Doña Ofelia?"

"Moja, Sabuni. Na usiidondoshe!"

Foleni ikaangua kicheko. Ilipofika zamu ya mzee, Wenceslao alimtambua chini ya kofia. "Za kwako nimechukua zile za moto, Don Leo," alisema. "Hiyo sauti inahitaji kitu cha moto."

Don Leobardo alifika nyumbani na hakula.

Wiki sita za likizo alizotakiwa kuzitumia kupumzika alizitumia katika chumba cha kanda za zamani, chenye joto na mende. Akaipata kanda ya kamera iliyokuwa nyuma ya goli, ambayo haikuwahi kurushwa. Inaonekana wazi: shuti linapigwa, mpira unagonga kisigino cha beki wetu, unageuza njia. Mikono ya kipa haikuugusa kabisa.

Jumapili iliyopita ilikuwa mechi yake ya mwisho. Mwongozaji wetu, Maribel Arrieta, alikuwa ameandaa dakika nne za vichekesho vyake maarufu, na cha kwanza kilikuwa hicho cha sabuni.

"Kitoe, binti yangu."

"Don Leo, ndicho watu wanachokipenda kuliko vyote!"

"Najua. Ndiyo maana kimenichosha."

Akaziomba zile dakika nne. Alisema maneno machache: "Goli la mwaka tisini na nne sikuliona. Nilikuwa nasoma karatasi. Niliona aibu kusema sikuliona, nikamtwisha mtoto wa watu aibu yangu. Tazameni." Kanda ikaonyeshwa mara tatu.

Nisiwadanganye kuhusu yaliyofuata. Simu zilikuja, na si zote za shukrani. Mzee mmoja alisema, "Acheni hizo. Sabuni ni Sabuni, tumeshazoea." Jina la utani kwetu hushika kama gundi, wengine huzikwa nalo.

Jumanne Wenceslao alikuja kituoni, akaomba kuiona kanda kwa karibu. Don Leobardo alikaa naye mbele ya skrini ndogo. Wenceslao aliirudisha nyuma, akaitazama tena, akairudisha.

"Kwa hiyo sikuugusa."

"Hukuugusa."

"Don Leo, mimi mwenyewe nilishaamini uliniponyoka."

Mzee akaibonyeza kanda ianze tena. Walikaa mpaka kanda ikaisha.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante, Don Leobardo, kwa sauti uliyotupa mpaka ikaisha, na kwa ujasiri wa kusahihisha ulipokuwa tayari umeruhusiwa kwenda kulala. Tunakuombea Jumapili ndefu, mezani, pamoja na Doña Herminia, gordita zikiwa za moto.

Kamati ya ligi ya watoto itaamua kesho kama Wenceslao atapewa kazi ile. Wanakamati ni majirani zetu, nao wananunua tortilla palepale tunaponunua sisi, na wanasikia tunavyomwita.

Ukipita Los Nogales leo, ingia dukani, mwite Don Wenceslao.