Faustina Kalinga, Aliyesimama Kaburini kwa Baba Yake

Ndugu waombolezaji, mliotoka Nyololo kwa mabasi ya alfajiri nanyi wenyeji wa Uyole, huyu tunayemsindikiza ni Faustina Kalinga, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1970 Nyololo, wilayani Mufindi, mtoto wa pili wa mzee Saulo Kalinga na mkewe Paskalina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1978 hadi 1984, kisha mwaka 1986 akaajiriwa kupima majani katika shamba la chai, ambako wachumaji walimpenda na kumwogopa, kwa kuwa mizani yake haikumpunja mtu wala kumpendelea.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Gwakisa Mwaisaka, wakahamia hapa Uyole, Mbeya, akafungua chumba cha cherehani, wakajaliwa watoto wawili, Anania, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1996, na Tumpe, aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1999.

Anania alitembea akiwa na miaka minne, akasema neno la kwanza akiwa na sita, kifafa kikamwandama, na darasani hakufika mbali. Ukoo ulitafuta sababu, ukaipata upesi: Novemba 1995, Faustina akiwa na mimba yake, alikwenda kumzika baba yake, akasimama ukingoni mwa kaburi, jambo ambalo kwetu mjamzito hukatazwa. Mwaka 2009, alipozikwa mama mkwe wake, historia iliyosomwa hapa nyumbani ilimtaja mjukuu "aliyeharibiwa akili na kaburi". Aliyeandika na kusoma maneno hayo ni shemeji yake, Lusekelo Mwaisaka, naye ndiye anayewasomea leo. Tangu siku hiyo, katika kila msiba, Faustina aliishia jikoni.

Mwaka 2021 hospitali moja jijini ilitangaza uchunguzi wa vinasaba kwa wenye ulemavu wa akili, Faustina akawa wa kwanza kujiandikisha, ikachukuliwa damu yake, ya Gwakisa na ya Anania. Majibu yalirudi tarehe 14 Juni 2022. Daktari alieleza kwamba ulemavu huu una vyanzo vingi, lakini kwa Anania ni jeni moja, ile inayoelekeza seli za ubongo namna ya kuungana na kupelekeana taarifa, ambayo herufi yake moja ilibadilika, na kwamba badiliko hilo halikuonekana kwa baba wala kwa mama, lilizuka lenyewe mwanzoni kabisa mwa mimba, miezi kabla ya msiba wa Nyololo.

Faustina aliomba arudiwe maelezo hayo mara tatu, kisha yaandikwe na kugongwa muhuri, akatoka nusura akimbie. Wauza viazi wa hapa Uyole wakamtania, "Mama Anania, umeshinda bahati nasibu?" Akawajibu, "Zaidi! Ni herufi moja, moja tu, na hakuna aliyemkosea mwanangu!" Akampigia simu Lusekelo: "Shemeji, shika kalamu, historia yako ina kosa." Lusekelo akasema atasahihisha nafasi ikipatikana. "Basi sahihisha kwenye yangu," Faustina akacheka, "na usome kwa sauti, maana lile ulilisoma kwa sauti."

Kwa hiyo familia inatamka mbele yenu kwamba maneno ya mwaka 2009 yalikuwa ya uongo, Faustina hakumdhuru mtoto wake, na aliyeyasoma anamwomba radhi.

Anania alibadilishiwa dawa, kifafa kikapungua, na wakwe waliokuwa wakisita kuhusu Tumpe, kwa kuhofia hali ya kaka yake, wakaleta posa, ndoa ikafungwa tarehe 29 Julai 2023, Faustina akicheza hadi kiatu kikakatika.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akafariki tarehe 6 Oktoba 2025, akiwa na miaka 55. Tumpe sasa ni mjamzito wa miezi saba, na mama yake alimwachia agizo: "Usijifiche jikoni. Njoo unizike." Wazee wamekaa, wamekubali, naye atatangulia kuweka udongo, akiwa na kaka yake Anania.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wanakwaya na mafundi cherehani wenzake, kwa kumuuguza na kumstiri.

Pumzika kwa amani, Mama Anania, kesi imekwisha.