Damu ya Bi Nunu

Ndani ya basi la mjini kutoka kitongoji cha Hail, Bi Nunu alimwambia mzee Saeed, aliyejuana naye kituoni, "Nnakwenda kutolewa damu. Watafiti wanataka kujua mwili wangu unavyoitoa kolestro, mafuta ya kwenye damu. Yetu imezidi, ya kurithi. Kaka zangu wawili wamekufa kwa moyo, hawakufika hamsini."

"Pole, bibi. Una watoto?"

"Binti yangu Aya hataki kupimwa. Kaposwa, anaogopa wakwe watasikia."

"Ana haki. Nani ataoa maradhi?"

"Na nani ataoa maiti, shekhe?"

Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nikajifanya nasoma simu.

"Harusi ipite kwanza," alisema mzee.

"Kaka zangu nao walisema baadaye."

Basi likasimama hospitali, Bi Nunu akashuka. Mzee Saeed, mwenye tikiti ya Ruwi, vituo kadhaa mbele, alishuka nyuma yake, bado anabisha.