Watoto Hawahesabiwi

Mama Akelo alikuwa ameshampenda yule mwalimu kijana, Shitanda, jirani yake kwenye feri ya Mbita, mpaka alipomweleza anavyofundisha kuzidisha.

"Nawapanga uwanjani mistari mitatu, kila mstari watoto wanne. Wanaruka wakiimba, tatu mara nne, kumi na mbili!"

"Wewe!" Akelo akashika kifua. "Unahesabu watoto wa watu kama samaki? Kwetu mtoto hahesabiwi. Ni kumwitia mabaya."

"Basi nitahesabu miguu tu, Mama."

"Na hiyo miguu ni ya nani? Tumia vifuniko vya soda."

"Vifuniko haviruki, Mama. Hawa wangu tangu waanze kuruka, hakuna anayelia kwa sababu ya hesabu."

Hapo Akelo akamkumbuka mjukuu wake Winny, ambaye hulia kila jioni akipewa hesabu. Lakini hilo hakulisema.

Feri ikafika. Wajukuu wakamjia mbio, naye akawaita mmoja mmoja kwa jina, akimshika kila mtu kichwa, mpaka akaridhika kwamba wote wapo. Alipogeuka kumuaga mwalimu, akaona midomo yake inachezacheza, macho yakihama kutoka mjukuu mmoja hadi mwingine.

Akavua leso, akamfunika macho.