Fundi wa Asubuhi: Maisha ya Menza Mwambire

Ndugu, majirani, wageni mliotoka Malindi na Kilifi, na mtumishi wa Mungu uliye mbele yetu, maneno haya ni yangu mimi Kadii, nyanya wa marehemu, na sauti ni ya Gladys, dada yake, kwa sababu macho yangu yamechoka na shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hivyo atakayechukizwa na jambo asimkasirikie msomaji, aje kwangu, nakaa nyumba ile yenye mlango wa buluu na chai ipo.

Marehemu Menza Mwambire alizaliwa tarehe 9 Juni 1990, hapa Marafa, chumbani mwangu, mtoto wa pili wa marehemu mwanangu Mwambire na mkewe Jaha, ambaye amekaa hapo mbele, akapewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu, na tangu siku hiyo nikamwita mume wangu, nikamwambia wazi kwamba ni mume asiye na faida, halimi, haleti kitoweo na anakojoa kitandani, naye alipojua kusema akanijibu, Hawe, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, nawe mke gani, meno yenyewe yanahesabika.

Alipotimiza miaka miwili ilijulikana kwamba ana sikoseli, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, madaktari wakatuambia anywe maji mengi, asichoke, na zaidi ya yote asipigwe na baridi, kwa kuwa baridi ikimwingia mifupa yake huuma kama inavunjwa, basi nami nililishika neno hilo la baridi kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, nikamvisha sweta la sufu Julai upepo wa kusi ukivuma, watoto wenzake wakimwita kondoo, naye akiwajibu kwa kulia mee na kuwakimbiza.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini Januari 1997 na kumaliza Novemba 2004, kisha sekondari tangu 2005 hadi 2008, masomo yakikatizwa mara kwa mara na vitanda vya hospitali, na mwaka 2011 alipata cheti cha umeme na redio katika chuo cha ufundi Malindi, na mwaka uliofuata akafungua kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko, mahali palipokuwa na joto la kutosha, ndiyo maana sikumkataza.

Mwaka 2013 akaja kibandani kijana Japheth, mpiga gitaa wa bendi ya harusi, ambaye mnamwona pale na waya mkononi, akamwambia kwamba kuna mlio wa gitaa wa zamani, mlio wa kukwaruza na kuvuma, ambao siku hizi haupatikani tena madukani ila kwa kuigiza, na Menza akatafuta akagundua kwamba mlio ule ulitoka kwenye kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu, ndani yake mna transista mbili za kizamani, zenye kofia ya bati na madini yanayoitwa jermaniamu, jina ambalo nimelijua kwa kulazimishwa, nilikuwa nikiishi vizuri bila hilo.

Transista za namna hiyo zilikuwa kwenye redio ya babu yake, ile ya mfuko wa ngozi, iliyonyamaza kabatini tangu mwenyewe afe, na Menza akaja Jumapili nikiwa kanisani, akaifungua bila ruhusa, akang'oa mbili, niliporudi nikakuta skrubu juu ya meza yangu, nikamwambia, haya, mume wa pili amempasua tumbo mume wa kwanza, sasa mimi ni mjane wa nani, na haikutosha, akachukua na chombo changu cha mkate wa sinia, akawapelekea wanaosubu sufuria kwa alumini iliyoyeyushwa pale Malindi wakifanye kielelezo, ndiyo maana visanduku vyake vyote ni vya duara, na ndiyo maana mkate wangu tangu siku hiyo hutoka na kovu pembeni.

Nilikisikia kile cha kwanza nikiwa nachambua mchicha uani, Japheth akapiga uzi mmoja, akakanyaga, na gitaa likaacha kuwa gitaa, likawa mzinga wa nyuki wenye ukubwa wa nyumba, nyuki wakatoka polepole wakapita juu ya mahindi wakaelekea korongo la Nyari, kwenye yale mawe mekundu, na mlio ukabaki hewani kama vumbi linapokataa kutua baada ya ng'ombe kupita, nami mkono wangu ukasimama ndani ya mchicha, nikamwona marehemu mume wangu amekaa kizingitini, redio pajani, anazungusha kitufe akitafuta stesheni, halafu Japheth akaachia mguu na kizingiti kikawa kitupu, nikawaambia wapunguze kelele, mbuzi wanashtuka.

Kasoro ya jermaniamu ni kwamba haiwezi joto, ikipata joto inavuja umeme, mlio unakohoa, unakatika, unazimika, na sisi tumezaliwa Marafa, siyo ndani ya friji, kwa hivyo Menza akawa anaweka transista zake kwenye kopo lililofungwa vizuri, analizamisha ndani ya mtungi wangu wa maji ya kunywa, nikichota nasikia kopo linagonga udongo, na Desemba 2016, kwenye harusi moja Malindi, saa sita mchana, bibi harusi anaingia, Japheth akakanyaga na kisanduku kikatoa mlio wa kuku anayekabwa kisha kikanyamaza mbele ya watu wote, mtu mmoja akapaza sauti, fundi, kumbe kazi yako ni ya asubuhi tu, wakacheka mpaka wapishi, na jina la Fundi wa Asubuhi likamganda tangu siku hiyo.

Tarehe 22 Aprili 2017 alifunga ndoa na Mapenzi, binti wa watu wa Ganze, aliyekuwepo kwenye harusi ile na ambaye anakiri kwamba naye alicheka, na tarehe 3 Februari 2019 wakajaliwa binti, akapewa jina langu, Kadii, na ulimi wangu pia, poleni walimu.

Visanduku vyake vilipata wanunuzi nchi za mbali, nchi za theluji, vikaimba huko vizuri kabisa, mahali ambapo yeye mwenyewe asingemaliza wiki akiwa hai, na jambo hilo lilimkaa rohoni, akaanza kutafuta jozi moja tu ya transista itakayostahimili jua letu, akizipima kwa mita alfajiri zikiwa baridi kutoka mtungini, kisha akizianika juu ya mabati mchana na kuzipima tena, akitafuta zile ambazo hazivuji, na kwa kuwa alfajiri nzuri zaidi ni zile za Julai, aliketi uani kwenye upepo ule ule niliomkinga nao miaka yote, sweta mwilini, meno yakigongana, nami nilimwambia, Menza, baridi hiyo unayoitafuta nayo inakutafuta, akanijibu bila kuinua kichwa, Hawe, vyangu vyote vinaimba kwa watu, nataka kimoja kiimbe kwetu, saa sita.

Mwisho wa Julai mwaka huu aliniambia kwamba jozi imepatikana, akailehemu ndani ya kisanduku, akakifunga, akasema Japheth akija wakijaribu, lakini tarehe 7 Agosti mifupa na kifua vilimshika kwa pamoja, akapelekwa hospitali Kilifi, na tarehe 13 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, saa zake za kazi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Kisanduku hicho hakuna aliyekisikia, hata yeye, na jana palikuwa na maneno mengi hapa nyumbani, mmoja akataka kijaribiwe kwanza faraghani tusiaibike, nikamwambia aibu ya Menza ilikuwa mbele ya watu na jibu lake litakuwa mbele ya watu, mwingine akataka kitiwe mtungini kipoe, nikamwambia akiukaribia mtungi wangu nitamvunja mkono, wa tatu akataka kizikwe naye, nikamwambia ardhini ni baridi, na mtoto huyu baridi aliyoipata inatosha, na mkimwona amevikwa sweta ndani ya jeneza mjue nimemvika mimi, najua maiti hasikii, sikuomba kukumbushwa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu utotoni, majirani wa Marafa mliochota maji na kulala nasi matanga, mafundi wa soko la Malindi, wasubu sufuria, waumini wenzake, bendi nzima ya akina Japheth, na Mapenzi, mkewe wa kweli, aliyempikia uji kila alfajiri ya kazi na hakuwahi kumwambia aache, jambo ambalo nilimlaumu kwalo na sasa nalinyamazia.

Mliolalamika kwamba mazishi yamewekwa saa sita, jua likiwa juu ya utosi, sasa mmejua sababu, kisanduku kiko pale juu ya kifusi cha kaburi tangu asubuhi, hakina kivuli, na, hili namnong'oneza Gladys aliongeze, Kadii mdogo amekigusa sasa hivi akautoa mkono kwa kupiga kelele, kwa hivyo kimeiva, na Japheth, baba, waya umeshachomekwa, kikikohoa usikiguse wala usikimwagie maji, mwache fundi ajibu mwenyewe, wengine wote nyamazeni, na wewe Menza, mume wangu, pumzika kwa amani, tunasikiliza.

Kanyaga.