Vigoda vya Chumba cha Pasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mpiga pasi. Ndiyo, mpiga pasi wa kiwanda cha mashati, miaka thelathini na moja kazini. Wenzake walimwita Bi Kigoda. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Katika chumba cha pasi ilikuwa marufuku kukaa. Unaingia asubuhi umesimama, unatoka jioni umesimama, miguu imevimba. Siku moja mwenzake mwenye mimba ya miezi minane akaanguka kando ya meza. Kesho yake Bi Kigoda akamletea kigoda kutoka nyumbani. Msimamizi akakitwaa, akakifungia stoo. Akaleta kingine. Kikatwaliwa.

Mumewe ni seremala. Alinisimulia huku akicheka, machozi yakimlengalenga: "Kila jioni habari ni ile ile. 'Baba Watoto, kimekamatwa tena.' Ikafika mahali wageni tunawakalisha kitandani!"

Vigoda saba, wasikilizaji. Saba! Msimamizi akachoka: "Hizo haki zako za binadamu zipeleke kwenu. Ukileta cha nane, kazi huna."

Akaleta cha nane.

Asubuhi hiyo msimamizi alikuwa ameshikwa na mgongo, anatembea kwa kushika ukuta. Chumba kizima kinangoja mtu afukuzwe. Bi Kigoda akamsogezea kigoda. "Kaa, kaka. Na wewe ni binadamu."

Akakaa. Mwezi haukuisha, kila meza ikawa na kiti chake.

Mimi nimehoji mawakili wengi kuhusu maneno hayo, haki za binadamu. Sikuwahi kuyaelewa hivi. Bintiye anasema: "Tulikuwa tukikataa kuosha vyombo, tunadai haki za binadamu. Mama anajibu, 'Anza na ya mwenzio. Naye anataka sahani safi.'"

Bi Kigoda ametutoka wiki iliyopita, usingizini, akiwa na miaka sabini na miwili. Juzi nilikuwa msibani. Viti havikutosha. Akaja mzee mmoja, mgongo umepinda, akashusha garini vigoda saba, akavifuta vumbi kimoja kimoja. Alikuwa yule msimamizi. Watu wakakaa, yeye akabaki amesimama mlangoni. Seremala akainuka, akampisha: "Kaa, ndugu yangu."

Poleni sana, Baba Watoto. Poleni, wanangu. Mama yenu aliishi vizuri.

Nawe msikilizaji uliyekaa, hebu tazama hapo ulipo. Nani amesimama?